Goti la Kwenye Picha

Uvumi unamkuta fundi cherehani katikati ya mshono: kule makumbusho kuna msichana ameanguka mbele ya picha, na watu wakapiga makofi wakidhani ndio mchezo wenyewe.

Fundi ana binti anayecheza dansi kule. "Watu wanapenda maneno," anajiambia, lakini mshono unakwenda upande. Saa nne asubuhi anafunga duka.

Ukumbi ni wa marumaru, umeng'arishwa hadi taa zinaonekana chini. Picha ishirini za mchoraji mmoja zimejaa ukutani: wanawake wanaofua, wanaobeba, wanaoinama. Kubwa kuliko zote ni ya mwanamke aliyepiga goti moja, mguu umesokotwa nje, unyayo umetazama juu. Wachezaji sita wameajiriwa kuigeuza miili yao kuwa picha hizo, mara tatu kwa siku. Mkao huo wa goti wanaushikilia kwa hesabu ya thelathini.

Anamkuta binti yake chumba cha kuvalia, goti limevimba hadi suruali imekataa kupanda.

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima, isipokuwa wewe."

"Mama, niliteleza tu. Nikanyanyuka, nikamaliza."

"Ulimaliza nini, mchezo au goti?"

Mwalimu wa dansi anaingia, mpole kupita kiasi. "Shikamoo mama. Tunafuata picha inavyotaka."

"Marahaba. Picha haina mifupa, mwanangu. Mchoraji akikosea anafuta. Huyu nikimfuta, nachora nani?"

Mwalimu anatazama saa. Jioni kuna wageni.

"Hachezi," anasema mama, na kumshika binti mkono.

Daktari amempa binti wiki sita za kupumzika. Makumbusho wamempa nafasi yake mtu mwingine siku ileile.

Kinachomchoma mama zaidi ni kwamba gauni la mchezo huo alilishona yeye. Alipoletewa nakala ya picha akate kitambaa, tepu ya kupimia ilimgomea: nyonga hadi goti ni mtu, goti kwenda chini mguu umeota kinyume. Akacheka, akaongeza upana, akanyamaza.

"Tepu iliniambia kabla ya daktari," anasema. "Nikaona haya. Mimi niliyeishia shule ya msingi, niwasahihishe watu wa makumbusho?"

Sasa amelirudisha gauni mezani na kuibana sketi. Atakayelivaa hataweza kupinda goti kupita pale mwili unapokubali. Wasipolitaka, watafute fundi mwingine. Binti naye anataka kurudi akipona, ila atacheza juu ya mkeka mnene, na mkao ataupanga mwenyewe.

Wenye watoto wanaocheza, mama huyu anawaomba waepuke haya:

Marumaru tupu.

Mkao ambao mwalimu mwenyewe hajawahi kuushikilia.

Kumeza dawa ya maumivu ili mchezo uendelee.

Kuona haya kuuliza, eti wao wamesoma.

Kazi ambayo hujaambiwa ukiumia nani atakupeleka hospitali.