Kisu cha Rehani

Watu wanasema mume wangu alikuwa mwizi. Waseme. Mimi Mwaija niliishi naye miaka ishirini na mitatu, na kitu pekee alichowahi kuniletea bila jasho lake ni mafua.

Rehani alizaliwa Kwaluguru, mtoto wa ngariba. Baba yake alitahiri vijana wa vijiji vyote vya upande ule, na kisu chake cha jando kilikuwa na adabu zake. Hakikatiwi nyama wala muhogo, na hakiachwi peke yake. Usiku kinaviringishwa kwenye kaniki, kinalazwa mchagoni, kichwani pa kitanda cha mwenyewe. "Kisu kilichoonja damu ya mtu," mzee alisema, "hakilali nyumba tupu." Rehani alikua na maneno hayo, yakamwingia kama mtu anavyoingiwa na dini.

Miaka miwili kabla ya Uhuru akapata kazi ya ufagizi katika hospitali ya Shamba la Mkonge la Kwamhosi, upande wa Korogwe. Daktari wa pale, Mhindi aliyeitwa Rajnikant, alimkuta siku moja ananoa kisu cha upasuaji kwenye ngazi ya jikoni. Alikitazama kile kisu, akakijaribu, akamtoa Rehani kwenye ufagio siku ile ile. Akampa jiwe laini la kunolea na kopo la mafuta, akamfundisha: mkasi na koleo zichemshe, lakini kisu usikichemshe, makali yatalala. Kisu kioge spiriti. Basi. Tangu hapo kila aliyepasuliwa pale, awe mkata mkonge au mke wa meneja, alipasuliwa kwa makali ya Rehani. Aliyajaribu kwenye mkono wake wa kushoto, ndiyo maana mkono ule haukuwa na unywele hata mmoja. Mashoga zangu walikuwa wakinicheka, eti nimeolewa na mwanamume nusu.

Kila Jumamosi, chumba cha upasuaji kilipobaki kitupu, alikuja nyumbani Kwamndolwa na kisu kikubwa cha kupasulia tumbo. Alikinoa kwa utulivu, akakiviringisha kwenye kaniki, akakilaza mchagoni, Jumatatu akakirudisha. Daktari Rajnikant alijua, askari wa getini alijua. Nani aliyekiandikia barua ya ruhusa? Hakuna. Enzi zile neno lilitosha.

Halafu likaja Azimio, shamba likawa letu sote. Tulicheza ngoma, mimi mwenyewe nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Rajnikant akaondoka, akaja meneja mpya, na getini akawekwa askari mpya, Sadala, na kitabu cha upekuzi. Jumamosi moja Sadala akampapasa Rehani, akakuta kaniki. "Mali ya umma hii, mzee!" Rehani akaeleza habari za baba yake, na mchago, na nyumba tupu. Loo! Sadala na wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kamati ya shamba ikakaa nusu saa tu. Wakamfukuza, na jina lake likaandikwa kitabuni kwa wino mwekundu: *Rehani, mwizi wa kisu.* Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hakuandiki kitabuni.

Hakulia kazi, alilia jina. Alirudi mara nne kuomba wafute ule mstari. Mara ya nne hawakumfungulia geti. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Kabuku, alilima mahindi kama wenzake, na mkono wake wa kushoto ukaota nywele.

Mwaka wa sabini na tano ngiri ikambana. Tumbo likawa gumu, akawa anatapika. Pa kupasuliwa palikuwa kule kule Kwamhosi. "Siingii geti lile," akasema. Nikambembeleza, nikamtukana, nikapiga magoti. Siku tatu! Mwanamume mbishi yule, Mungu amrehemu, na mimi bado nina hasira naye. Siku ya nne hakuwa na nguvu za kukataa, tukampakia kwenye lori la mahindi la kijiji.

Daktari alikuwa kijana, Habakuki, mwenye heshima zake. "Shikamoo mzee. Tunakupasua sasa hivi."

"Marahaba. Nionyeshe kisu."

Daktari akasita. Rehani akang'ang'ania, basi wakamletea. Akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa ni kile kile. "Mmekichemsha," akasema.

"Vyote huwa tunachemsha, mzee. Vipya tumeagiza tangu mwaka jana, havijaja."

"Jiwe langu liko kabati ya chini, nyuma ya ndoo."

Lilikuwepo, limejaa vumbi. Nikamshika mgongo, akakaa kwenye kitanda cha magurudumu, jasho linamtiririka, akanoa kisu cha kumkatia yeye mwenyewe. Kila pigo la jiwe aliguna kwa maumivu. Kisha akakipitisha mkononi, nywele zikaanguka. "Sasa kioge spiriti," akasema. Yule daktari alikuwa anatazama sakafu.

Alipotoka chumba cha upasuaji aliniambia hajapata kushika kisu kama kile. Lakini utumbo ulikuwa umeshakuwa mweusi. Angeletwa siku ile ya kwanza, alisema, angepona.

Rehani aliamka jioni. Neno lake la mwisho la maana lilikuwa hili: "Kisu kimerudi? Waambie wahesabu." Alfajiri ya pili akafariki.

Tulimviringisha kwenye mkeka, tukampakia kwenye lori lile lile. Getini Sadala akanyoosha mkono, kitabu kwapani.

"Pole mama. Lakini fungua mkeka. Jina lake limo humu."

Nikafungua mwenyewe. Akapitisha mkono chini ya mgongo wa mume wangu, chini ya miguu, chini ya ule mkono wenye upara mdogo wa kisu. Hakuona kitu.

"Basi andika," nikamwambia. "Pale pale penye wino mwekundu. Andika kwamba hakuiba."

Sadala akakifunga kitabu. "Hiyo si kazi yangu, mama," akasema. "Piteni."