Fundi Ambaye Makofi Yake Hayakulia

Kama umekuja kusikia habari za paka weusi na nyungo zinazoruka, umekosea mlango. Nawajua ninyi watu wa mbali, mkisikia mtu katoka Sumbawanga tu mnaanza kumchunguza miguu kama inagusa chini. Mimi nimezaliwa hapahapa, nimekuzwa kwa ugali wa ulezi, na mpaka jioni hiyo nilikuwa sijaona kitu chochote cha kunikimbiza. Ninachokusimulia kilitokea dukani kwangu, taa zinawaka, na tulioona tulikuwa wawili. Usipoamini, shauri yako.

Nina steshenari hapa mtaa wa Malangali. Nachapa, natoa kopi, najaza maombi ya vyuo kwa watoto wa watu. Jioni hiyo nilikuwa na mtoto wangu mwenyewe, Oliva, binti wa dada yangu anayelima kule Msanzi. Alikuwa anaomba chuo cha uuguzi, na maombi yalikuwa yanafungwa usiku uleule. Mwaka uliotangulia alikosa kwa sababu mtandao ulisumbua, akarudi shambani kushika jembe huku wenzake wanapanda mabasi. Na dada aliniambia waziwazi, "Mdogo wangu, safari hii akikosa tena mimi sina maneno ya kumwambia." Unaelewa uzito wake? Maisha ya binti yule yalikuwa mezani kwangu.

Tulikuwa tumeshajaza kila kitu. Ilibaki kupandisha vyeti na kutuma. Vyeti vyenyewe vilikuwa Msanzi, mimi nilikuwa na picha za vyeti hivyo tu, na picha zilikuwa ndani ya kompyuta ile na si kwingine. Hapo ndipo mvua ilipoanza. Wewe unaijua mvua ya huku? Mawingu yanakaa juu ya bati. Nikafunga mlango, nikatia komeo, nikamwambia Oliva tuharakishe. Radi ikapiga upande wa mlimani, pwaa! Umeme ukakatika.

Haukukaa sana ukarudi. Nikawasha mashine. Ikalia pii, kisha kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza. Maana yake ni hii: kibodi haionekani, bonyeza F1 uendelee.

Hebu nikuulize wewe unayesikiliza. Kama kibodi haionekani, hiyo F1 nibonyeze na nini? Na kisigino? Aliyeandika maneno yale sijui alikunywa nini siku hiyo.

Sikuogopa. Mashine hizi nimekaa nazo muda mrefu, najua vituko vyake. Nikachomoa waya wa kibodi nikauchomeka tena. Wapi. Nikauhamishia tundu la nyuma, maana matundu ya mbele huwa yanalegea. Wapi. Nikatoa kibodi nyingine, mpya, bado iko kwenye mfuko wake. Haikuwasha hata kataa kamoja. Nikachomoa umeme kabisa, nikashikilia kitufe cha kuwashia ili mashine imalize umeme uliobaki ndani, nikarudisha. Pii. Kibodi haionekani. Oliva alikuwa ananimulikia kwa simu.

Nilipoinuka kutoka chini ya meza, kulikuwa na mtu amekaa kwenye benchi la wateja.

Mwanaume wa makamo, koti la kijivu, amekunja mikono. "Nimesikia mashine yako inalia, mama," akasema. "Mimi ni fundi." Sauti yake ilikuwa tamu, ya mtu anayekuonea huruma. Nami nikasema moyoni, mgeni njoo mwenyeji apone! Sikumuuliza katoka wapi. Viatu vyake vilikuwa vikavu, na nje kulikuwa na tope la kumeza gari. Hilo nililiona, naapa niliona, lakini shida ikikushika unaona na huoni.

Nikamweleza yote. Akatikisa kichwa polepole. "Bodi yake kuu imeungua. Radi hiyo. Zima tu, mama, usijisumbue."

Nikasema ngoja nijaribu tundu lingine. Akasema, "Utaiharibu zaidi." Nikasema labda niifungue niangalie ndani. Akasema, "Acha. Kesho." Kila nilichotaja alikuwa na neno lake la kukikatia, na kila aliposema nilihisi mikono inakuwa mizito, kichwa kinajaa usingizi. Mimi, ambaye hata malaria hainilazi! Nikamwona Oliva anafunga mkoba wake. Hakulia. Alikuwa anafunga zipu taratibu, uso umeshuka, na ndani ya moyo wangu nikasikia nikisema, basi, kesho.

Nashukuru tabia ya kwetu, maana ndiyo iliyoniokoa. Huku kwetu Ufipa mtu haanzi neno kabla ya salamu. Unachuchumaa kidogo, unapinda viganja, unapiga makofi ya taratibu, na mwenzio anakujibu kwa makofi yake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akikukuta barabarani umebeba mzigo wa kuni, atakusubiri uutue ili msalimiane, hata kama mvua inanyesha. Alikuwa akisema asiyesalimiwa hajafika. Siku hizi mjini tunarushiana "mambo" na "poa" tukipita, lakini mtu mzima akiingia ndani kwangu huwa simwachi hivihivi. Na mtu huyu mimi nilikuwa nimemfungulia siri zangu zote, sijamsalimu! Aibu ikanishika. Unaona? Nilitaka kumuaga kwa heshima.

Nikatoka nyuma ya kaunta, nikachuchumaa mbele yake, nikapiga makofi.

Akaniangalia. Nikaona kama hapendi. Kisha akainua mikono yake akajibu, viganja vikakutana, vikaachana, vikakutana tena.

Havikulia.

Usiniambie habari za mvua kupiga kwenye bati. Mvua ilikuwa imeshalegea, nilikuwa nasikia matone yakiingia kwenye ndoo yangu pale nje, moja moja. Makofi yangu niliyasikia. Ya kwake, kimya. Oliva alikuja akanikamata kitenge kwa nyuma. "Mama mdogo," akaninong'oneza, "mlango si ulitia komeo?"

Nilitia. Na komeo lilikuwa palepale.

Mwili wote ulinisisimka. Niliogopa, sikuficha na sifichi. Lakini mimi nina hasira za karibu, kila mtu mtaani anajua, na nilipokuwa pale chini nikakumbuka jambo likanichemsha. Tangu mtu huyu akae kwenye benchi langu hajasema "jaribu" hata mara moja! Zima, acha, kesho. Fundi gani wa kukataza tu? Kaja mpaka ndani ya duka langu, kapita kwenye mlango uliofungwa, kuja kumzimia mtoto wa dada yangu maisha? Thubutu!

Nikasimama. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Wewe hujaisalimu nyumba hii. Asiyesalimu hana neno humu ndani. Ukitaka kukaa, kaa. Ila nyamaza!"

Akafungua mdomo kunijibu. Midomo ilicheza, naapa kwa dada yangu, na haikutoka sauti. Akajaribu tena. Hakuna kitu. Na palepale ule uzito ukanitoka mikononi, kichwa kikawa cheupe.

Nikamgeuzia mgongo. Ndiyo, nilimgeuzia mgongo! Nikamwambia Oliva, "Mulika hapa, mwanangu, na usimtazame." Nikakitazama kioo upya, na safari hii nikakiona nilichokuwa sikioni muda wote ule. Chini kabisa, pembeni, kulikuwa na tarehe. Tarehe ya mwaka ambao Oliva alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Nikacheka kwa sauti. Mashine haikuungua chochote! Ndani yake kuna kibetri kidogo, duara, kinachoitunzia saa na kumbukumbu ya mipangilio hata umeme ukikatika. Kibetri kilikuwa kimekufa. Kwa hiyo umeme ulipokatika mashine ilisahau kila kitu, ikasahau hata kuzipokea kibodi za siku hizi wakati inawaka. Zilikuwa nzima zote, yenyewe ndiyo ilikuwa haizitambui. Ila kibodi za zamani, zile ambazo kichwa cha waya wake ni cha mviringo, zina tundu lao peke yake kule nyuma, na hizo mashine yangu haizisahau.

Nilikuwa nayo moja kwenye boksi la vyuma chakavu chini ya kaunta, imegeuka rangi ya njano, herufi nyingine zimefutika. Nikaizima mashine, nikachomeka, nikaelekeza vijino vyake vizuri, nikawasha. Nyuma yangu nilisikia baridi inasogea mpaka shingoni. Nikasema kwa sauti, "Sikusikii!" Oliva naye akadakia, huku meno yanagongana, "Hatukusikii!"

Taa za kijani zikawaka juu ya kibodi. Nakwambia, nimeona harusi, nimeona sherehe za upadrisho, sijaona taa nzuri kama zile.

Nikaingia kwenye mipangilio. Kwanza nikarekebisha tarehe, maana ukiingia mtandaoni na tarehe ya kale milango yote inakukataa. Nikairuhusu mashine izipokee kibodi mpya, nikahifadhi. Ikawaka mpaka mwisho. Vyeti vilikuwepo. Nikamkalisha Oliva kwenye kiti changu, nikamwambia atume mwenyewe. Akapandisha kimoja kimoja, midomo inasali, akabonyeza. Tukasubiri. Kisha likaja neno kwamba maombi yake yamepokelewa.

Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Tulikumbatiana, tukaruka, tukapindua na kiti. Tulipogeuka, benchi lilikuwa tupu, na komeo liko vilevile. Nikaushika ubao pale alipokuwa amekaa. Ulikuwa wa baridi kuliko sakafu.

Alikuwa nani? Wazee wameniambia hivi na vile, kila mmoja na lake, na mimi sina muda wa kubishana nao. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo anayeingia dukani kwangu lazima apige makofi. Vijana wananicheka, wananiita Bi Makofi. Wacheke. Nasubiri nisikie viganja vyao, ndipo nauliza shida yao.

Oliva alichaguliwa, akasoma, akamaliza. Sasa ni muuguzi upande wa Namanyere. Mwezi uliopita alinipigia simu anahema. Kulikuwa na mama kaleta mtoto aliyezidiwa, na Oliva aliporudi kutoka kuchukua dawa akakuta mtu wa koti la kijivu kaketi karibu na yule mama, anamwambia kwa upole ampeleke mtoto nyumbani, hapa hakuna tena cha kufanya. Yule mama alikuwa ameshaanza kumfunga mgongoni.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nikachuchumaa, mama mdogo. Nikampigia makofi."

Mtoto huyo alipewa dawa, na yuko hai. Kesho yake Oliva aliniwekea simu karibu naye nikamsikia anavyolilia uji.

Basi nawe nisikilize. Yule mtu bado anatembea, na hachagui nyumba. Siku umekwama, akatokea mtu mwenye sauti tamu akakwambia acha, zima, kesho, usimjibu kwanza. Msalimie. Usiposikia makofi yake, mgeuzie mgongo uendelee na kazi yako.