Valiant ya Papa Ernest

Albertine hakuwa mtu wa kuongea habari za kwao. Tulipanga pamoja Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, China, mimi mwanafunzi wa famasia kutoka Bukoba, yeye mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, na kwa muda mrefu nilijua tu kwamba ana kaka anayeitwa Arnaud na baba anayeitwa Papa Ernest. Asubuhi alikwenda Xintang kwenye viwanda vya jinzi kusimamia oda za wateja wa Kongo. Jioni alirudi na rangi ya buluu kwenye kucha, akapika, akalala. Siku nilipomwona analia kwa mara ya kwanza, alikuwa amekaa jikoni ameshika kipande cha waya mnene uliokatika.

Waya huo uliletwa na Roger, Mkongo mwenzake aliyekuja kununua bidhaa. Arnaud ndiye aliyemtuma.

"Ni kitu gani hicho?" nikamuuliza.

"Njo gia ya gari ya Papa," akasema, "njo" yao ndiyo "ndiyo" yetu. "Bertila, ile gari haina mkono wa gia. Ina vitufe, kama redio."

Nikadhani ananitania. Akajifuta macho, akanivutia kiti, na jioni ile alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia.

Gari lenyewe lilikuwa Plymouth Valiant ya mwaka 1964. Papa Ernest alikuwa dereva wa mhandisi mmoja Mbelgiji wa migodini, na mhandisi alipofungasha kurudi kwao akamwachia. Mtaani kwao watu waliliona gari kubwa la wakubwa, kumbe huko Marekani liliundwa kuwa gari dogo. Magari madogo ya Ulaya yalikuwa yameanza kuwavutia wateja wa Marekani mwishoni mwa miaka ya hamsini, na viwanda vya huko, vilivyozoea kutengeneza magari marefu yasiyoenea hata kwenye gereji, vikalazimika kufikiri upya. Valiant ya kwanza ilikuwa ya modeli ya mwaka 1960. Injini yake ilikuwa na silinda sita katika mstari mmoja, lakini mstari umeinamishwa upande, ili boneti ikae chini. Ilikuwa na alteneta ya kuchaji betri wakati magari mengine mengi bado yalitumia dainamo.

"Papa alikuwa anatufungulia boneti," Albertine akasema, "anatuambia: angalieni hii injini, imelala lakini haisinzii."

Mama yao alifariki Albertine akiwa bado shule ya msingi. Papa Ernest hakuoa tena. Aliwapeleka shule kwa Valiant, akawapeleka misa kwa Valiant, na Jumamosi aliwaita wote wawili uani, msichana na mvulana bila kubagua, wajifunze kuitunza. Siku moja alimwambia Albertine afungue gurudumu la mbele kushoto. Mtoto akaning'inia kwenye spana mpaka akalia kwa hasira, nati haisogei. Baba akamwacha kidogo, kisha akachuchumaa pembeni yake. "Upande huu zinafunguka kinyume, mama. Zungusha kama unafunga." Ndivyo waliounda gari lile walivyozitengeneza enzi hizo, nati za kushoto zikiwa na uzi wa kinyume. Albertine alizungusha, nati ikaachia, naye akaanguka chali. Wakacheka mpaka majirani wakachungulia.

Vitufe vilikuwa vitano, kushoto kwa usukani: kimoja cha kurudi nyuma, kimoja cha kuliacha huru, kimoja cha kwenda, na viwili vya mwendo wa mlima. Mwaka 1964 ulikuwa wa mwisho. Modeli zilizofuata zilirudishiwa mkono wa gia kama magari mengine. Unapobonyeza, waya unavutwa hadi kwenye giaboksi chini. Waya wa Papa Ernest ulikuwa umefanya kazi miaka arobaini, ukachoka, ukakatika.

"Basi gari likae," nikasema. "Si ni la zamani?"

Akanitazama. "Papa anasahau, Bertila. Anamwita Arnaud kwa jina la ndugu yake aliyekufa. Anauliza mama amekwenda wapi. Lakini ukimkalisha ndani ya ile gari anarudi. Anakutajia kila kitu, hiki ni nini, kile ni nini. Sasa anabonyeza, haiitiki, analia kama mtoto."

Basi tukaanza kuutafuta waya. Kichina chake kilikuwa cha bei na idadi, changu cha darasani, tukaona tukiviunganisha vitatosha. Tulizunguka masoko ya vipuri wiki baada ya wiki. Kila duka walitazama kile kipande, wakapunga mkono: "Mei you." Hakuna. Wengine walisema hivyo kabla hatujakitoa kwenye mfuko.

Mwishowe tukaelekezwa kwa bwana Liang, laoban, yaani bosi, wa karakana ndogo ya waya za pikipiki. Alikipima kipande kwa vidole, akakinusa, akauliza ni gari la mwaka gani.

"Sitini na nne," nikamjibu.

"Hata mimi ni wa sitini na nne," akasema, akacheka. "Na mimi sina vipuri. Niachieni."

Tuliporudi, alikuwa ametengeneza waya mpya, ncha zake zimechongwa sawasawa na zile za zamani. Alitaka kujua nani analiendesha gari hilo. Albertine akamjibu mwenyewe kwa Kichina chake, "Baba yangu." Liang akainua kidole gumba.

Roger alipoondoka aliubeba waya ndani ya sanduku lake. Jumapili moja simu ikalia tukitoka kanisani. Arnaud hakusalimia hata. Alisema, "Sikiliza," akaiweka simu karibu na boneti. Pale barabarani, katikati ya watu na baiskeli za mizigo, tulisikia injini ikinguruma taratibu. Kisha sauti ya mzee ikaingia, ya furaha, "Albertine! Inaitika!"

Albertine alikuwa anacheka na kulia. "Papa, nakuja kukuona. Jumamosi ya kwanza ya Desemba."

"Nitakuja kukuchukua Luano. Mimi mwenyewe."

"Ndiyo, Papa," akasema. "Njoo unichukue."

Luano ni uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Alilisema neno lile kama mtu anavyomwitikia mzazi mgonjwa, bila kulifikiria.

Desemba ilipokaribia, kiwanda kimoja cha Xintang kikakosea rangi ya mzigo mzima wa Albertine. Ilibidi jinzi zioshwe upya, na kontena ilikuwa imeshapangiwa meli bandarini Huangpu. Albertine aliahirisha safari kwa wiki moja. Alimpigia Arnaud, Arnaud akamweleza baba, baba akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Mimi nilikuwepo wakati wa simu ile. Hakuna aliyeona hatari yoyote.

Jumapili iliyofuata Jumamosi ile ya kwanza ya Desemba, tukijiandaa kwenda kanisani, Arnaud akapiga. Albertine alikuwa anasuka ncha za nywele zake, simu ameibana begani. Nikamwona ameacha kusuka.

"Sema tena," akasema.

Sikusikia maneno ya Arnaud wakati ule, Albertine aliniambia baadaye. Yalikuwa machache. "Albertine, Papa alikwenda kukuchukua."

Jumamosi asubuhi Arnaud alikuwa ameliosha gari, akaitwa kumsaidia jirani kubeba mgonjwa, ufunguo akauacha ndani ya gari. Mzee akavaa suti yake na kofia, akatoka. Alikatiza mji mzima bila kugusa kitu, akafika Luano, akaegesha kwenye kivuli cha ukuta. Mlinzi alimuuliza anamsubiri nani. "Binti yangu anatoka China." Ndege ikaja, abiria wakatoka wakaisha. Mlinzi akamwambia aende nyumbani. Mzee akasema atasubiri inayofuata, maana binti yake si mtu wa kusema uongo. Alasiri mlinzi alimletea maji, akakuta amelala usukanini. Hakuwa amelala. Daktari alisema ni moyo.

Albertine alipata ndege kupitia Nairobi. Arnaud aliyachelewesha mazishi ili dada yake ayawahi, akamfuata Luano kwa teksi. Valiant ilikuwa bado pale kando ya ukuta. Polisi walimwondoa mzee, lakini Arnaud hakuweza kujilazimisha kukaa kwenye kile kiti cha dereva. Walisimama mbele ya gari, kaka na dada.

"Nilimwambia," Arnaud akasema. "Nakuapia nilimwambia ni wiki nyingine."

"Najua."

"Ufunguo ndio sikuutoa."

"Na waya niliutuma mimi," Albertine akasema.

Akafungua mlango. Kiti cha abiria kilikuwa kimetandikwa kitambaa safi, na juu yake chupa ya karanga za kukaanga, zile alizozipenda tangu akiwa mdogo. Arnaud alipoingia upande ule, Albertine alimwekea chupa mapajani, akakaa kwenye usukani, akawasha, akabonyeza. Gari likaitika. Aliliendesha hadi nyumbani, kulikojaa waombolezaji, na waliposikia mlio ule wanawake wakaanza kulia upya, kwa sababu wote waliujua kuwa ni wa Papa Ernest.

Alirudi Guangzhou Januari, amekonda. Alifanya kazi kama kawaida, ila wateja wake wakifika uwanja wa ndege wa Baiyun aliwaambia wachukue teksi, hakwenda tena kuwapokea. Usiku hakulia. Alilia mchana, akichambua mchele, akivaa viatu, bila kuacha alichokuwa anafanya.

Siku moja tukakutana na Liang sokoni. Alimtambua Albertine kwa mbali, akaja anatabasamu, akauliza, "Gari la baba linatembea?"

Nikafungua kinywa nimjibu mimi. Albertine akanishika mkono.

"Linatembea," akamwambia. "Vizuri sana. Asante, laoban."

Liang akacheka, akainua kidole gumba, akaenda zake. Albertine alisimama palepale mpaka alipopotea kati ya watu, kisha akaniomba nimshikilie mfuko, akakaa chini kwenye ngazi za duka la mtu.

Mwaka uliofuata aliondoka moja kwa moja. Ana duka la nguo Lubumbashi sasa. Nilipompigia mara ya mwisho alinieleza kwamba gari wameliuza kwa mtu wa Likasi, anayelikodisha kwa maharusi. Nikamuuliza kama aliliaga.

"Hapana," akasema. "Siku ile wamekuja kulichukua, nilimwambia Arnaud naenda soko. Nikakaa kule mpaka wamelipeleka."