Pumzi ya Mpiga Baragumu

Keziah Thurlow alikuwa mnakili wa noti za muziki mjini Norwich, na kazi yake aliifanyia jikoni, mezani, karibu na birika la chai. Mwandiko wake ulisomeka hata na wanamuziki wenye macho hafifu.

Mwaka wa 1884 aliletewa muziki wa piano na okestra, sehemu tatu, uliotungwa na Bi Adelaide Venning, ambaye mwenyewe ndiye angepiga piano. Keziah alitakiwa kumwandikia kila mpigaji karatasi zake. Wiki tatu alinakili, vidole vyeusi kwa wino, akiimba chini kwa chini alichokiandika. Sehemu ya pili, ile ya polepole, ilimteka. Ila alipofika kwenye noti za baragumu, kalamu ilisita. Wimbo ulikwenda mistari minne bila mahali pa kuvuta pumzi. Baba yake alikuwa mpiga baragumu, na Keziah alikumbuka jinsi nyimbo za namna hiyo zilivyomwivisha uso kwa kukosa pumzi.

Kumwambia mtunzi kulimtia hofu. Siku mbili alijishauri. Ya tatu alivaa kofia ya kanisani, akaenda nyumbani kwake.

Bi Venning alimsikiliza huku amekaza uso. "Mabwana wawili wakubwa wameipitia kazi hii. Hawakuliona hilo."

"Si wao watakaopuliza, Bi."

Bi Venning aliketi kwenye piano, akaupiga wimbo ule huku akiuimba. Mstari wa tatu sauti ilimkatika, akakohoa, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Akachukua penseli, akamkatia mpiga baragumu nafasi ya kupumua, na hapo zumari likampokea wimbo. Ukawa mtamu kuliko mwanzo.

Siku ya mazoezi, mpiga baragumu, mzee Josiah Mobbs, alikuwa amenuna tangu asubuhi, akinung'unika kwamba wanawake wabaki na nyimbo za kubembelezea watoto. Sehemu ya pili ilipokwisha alifuta mdomo, akainuka.

"Bi, umejuaje kifua cha mzee?"

"Sikujua," alijibu Bi Venning, akimwelekezea kidole Keziah aliyeketi nyuma. "Mshukuru yule."

Mzee Mobbs alimwinamia. Keziah aliona haya, akajifanya anapanga karatasi.

Jumamosi alasiri, siku ya onyesho, ukumbi ulijaa. Keziah alikaa na dada yake viti vya nyuma, mikono mapajani, akiisikia kila noti kabla haijalia. Watu waliposimama kushangilia, dada yake alimuuliza kwa nini analia.

"Silii," alisema Keziah. "Nimefurahi tu."