Abiria Aliyetaka Kushukia Kiminini

Wabwile, dereva kutoka Matulo, huwapeleka wakimbizi kutoka Kitale hadi Bungoma, wakapimwe afya kabla ya kuhamia ng'ambo. Huendesha polepole, na anayempigia honi hujibiwa, "Si upite, bana! Mimi nimebeba watu."

Asubuhi moja Mama Abuk, aliyesubiri safari miaka kumi na minane, alipanda na sufuria zake zote na koti zito la baridi, ingawa siku hiyo ilikuwa ya kupigwa picha ya kifua tu. Akasinzia. Alipoamka, ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi, na Mlima Elgon ukielea kwa mbali.

"Mwanangu, tumefika Kanada?"

"Bado, mama. Hapa ni Kiminini."

Akatazama tena yale mahindi na ule mlima, kisha akaanza kukusanya sufuria.

"Basi nishushe hapa hapa."