Profesa wa Sketi

Jina hilo alibandikwa kwenye kikao cha idara, kabla hata hajawa profesa. Alikuwa mhadhiri msaidizi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu kunyamaza ili wamsikie. Siku hiyo alikuwa anatetea mada ya utafiti wake: ile kampeni ya miaka ya mwanzo ya uhuru, vijana wa chama walipozunguka mjini na mikasi wakikata sketi walizoziona fupi, na malori yalipowazoa wanawake wanaoishi peke yao na kuwarudisha vijijini, yote kwa jina la heshima ya taifa. Alitaka kujua kwa nini nchi changa, isiyo na barabara wala madaktari wa kutosha, ilikuwa na haraka kiasi hicho ya kupima magoti ya watu.

Mkuu wa idara, bingwa wa historia ya vyama vya siasa, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai.

"Mwenzetu, hii ni historia au ni ushonaji?"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Yeye alisubiri wamalize, akaendelea na sentensi aliyokuwa ameiacha. Mada ilipita, maana hakuna aliyeiona kuwa na uzito wa kukataliwa, ila jina nalo likapita. Mpaka wiki inakwisha, wafagizi walikuwa wanamwita Profesa wa Sketi, na wao angalau walimpandisha cheo mapema.

Hakuwa ameianza kazi hiyo kwa sababu ya sketi. Aliianza kwa sababu ya watoto wawili. Dada yake mkubwa aliolewa na mgeni, mhandisi aliyekuja kujenga daraja, na kaka yao naye akaoa mgeni. Kila mmoja akapata mtoto. Walipokwenda kuwaombea pasipoti, mtoto wa kaka akapewa, wa dada akanyimwa. Karani hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kabisa kwamba uraia wa mtoto unamfuata baba.

"Nimembeba mimi, nimemzaa mimi, hospitali hii hii ya serikali," dada akasema. "Sasa anamfuata baba yake kwenda wapi?"

Karani akamwonyesha mlango wa pili, kwenye vibali vya wageni. Basi likizo zikija, watoto wale walilala kitanda kimoja kwa babu yao, wakigombea shuka moja, mmoja mwananchi na mwingine mgeni wa nchi. Mama yao mdogo, au shangazi, kutegemea nani anamwita, aliwatazama na kuliona jambo ambalo baadaye lingejaza vitabu vyake: kwamba taifa linapojitafuta, huanzia chumbani. Nani anaolewa na nani, nani anazaa na nani, nani anavaa nini akienda sokoni. Mwanamke aliitwa mama wa taifa na kuchorwa kwenye mabango, lakini taifa lenyewe lilirithiwa kwa baba.

Wanawake aliowahitaji hawakutaka kusema. Walimkaribisha vizuri, wakamsifia elimu yake, kisha wakasema mambo ya zamani yamekwisha, yaliyopita si ndwele. Alizunguka miezi mingi akirudi na daftari jeupe, mpaka alipogundua kosa lake. Alikuwa anauliza habari ya aibu. Akaacha. Akaanza kuuliza kitambaa kilikuwa cha aina gani, nani alishona, sketi ilikuwa na mifuko au la. Hapo ndimi zikafunguka. Mwanamke aliyekataa kuzungumza mwaka mzima alisimama katikati ya sebule, na uzee wake, akaonyesha kwa mikono marinda yalivyokuwa yakifunguka akigeuka.

Aliyemfaa kuliko wote alikuwa mama mmoja aliyestaafu kazi ya kuunganisha simu hotelini. Yeye hakukatwa sketi, alipakiwa lorini. Alikamatwa ametoka zamu ya jioni na sare ya kazi mwilini, akashushwa kwenye kijiji alichokihama akiwa mtoto.

"Walisema wananirudisha nyumbani," alimwambia. "Nyumbani kwangu kulikuwa ni kile chumba nilichokuwa nakilipia, mwanangu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Baada ya wanawake, akawatafuta wale vijana wa mikasi, ambao sasa walikuwa babu za watu. Wengi walisema walikuwa wanatekeleza amri. Mmoja, fundi saa aliyezibika sikio moja, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kwa nini anazunguka mbali. "Kamuulize baba yako. Tulikuwa kundi moja."

Baba yake alikuwa amestaafu umeneja wa posta. Mtu wa kupiga pasi hata leso. Msomi hakumwendea siku ile. Alikaa na neno lile kama mtu anayekaa na mfupa kooni, na alipokwenda, alikwenda kikazi, na kinasa sauti mkononi. Baba alikitazama, akanyoosha mkono akazima redio.

Alisema ni kweli. Alikuwa hajafikisha miaka ishirini, na mkasi ulikuwa wa shangazi yake. Binti, kwa kutaka kumrahisishia, akauliza kama waliogopa viongozi.

"Usiniandikie uoga," baba akasema. "Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu watu wazima walinipisha njia. Ukiandika, andika hivyo, na jina langu uliweke."

Akaliweka. Kaka yake alipozisoma kurasa zile, kabla hazijachapwa, aliitisha kikao cha familia, akazungumza muda mrefu. Alisema mchuma janga hula na wa kwao, kwamba mzee anaheshimika mtaani na kanisani, kwamba mdogo wake anamvua baba nguo hadharani kwa ajili ya shahada. Dada alikuwa upande wa msomi, lakini hata yeye aliomba jina libadilishwe. Mwishowe baba akasema nguo ni zake, na kama ni kuvuliwa, amejivua mwenyewe, akaomba chai.

Kitabu kilitoka kwa kelele kubwa kuliko ukubwa wake. Mbunge mmoja, ambaye ilionekana amesoma jalada tu, alisema bungeni kwamba chuo kinafundisha uchafu kwa kodi ya wananchi. Somo alilokuwa akilifundisha msomi juu ya habari hizo likaondolewa kwenye ratiba ili lifanyiwe mapitio. Mapitio hayakufanyika. Yeye akaendelea kulifundisha chini ya jina la Sheria na Jamii, chumba kile kile, siku ile ile, na wanafunzi wakaongezeka hadi wengine wakakaa madirishani. Uprofesa aliupata umechelewa sana, wakati wenzake wa rika lake wanaaga kazi.

Kilichobaki akilini mwake kuliko yote hayo ni jioni ya mjadala wa kitabu, katika ukumbi wa maktaba ya mji. Baba alikuja na koti lake la kazini, akakaa mstari wa mbele. Mama wa hotelini naye alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango. Kijana mmoja aliuliza kama wazee wale hawakuwa wanalinda utamaduni tu. Kabla msomi hajajibu, baba akainuka. Alisema hakuwa analinda chochote, kwamba alimkata sketi msichana asiyemjua, kwenye kituo cha basi, na yule msichana akaenda zake ameshikilia kitambaa kwa mikono miwili. Kisha akageuka, akauliza kama yuko mama yeyote humu wa wakati ule, anataka kumwomba radhi.

Mama wa hotelini hakusimama.

"Wewe sikukumbuki, kaka yangu," akasema. "Mlikuwa wengi. Radhi kaombe kwa yule uliyemkata."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mwingine dirisha la kulipia. Baba akaitikia kwa kichwa, akakaa. Njiani kurudi nyumbani alimwomba binti yake amtafutie yule msichana. Binti alijaribu kweli, kwa matangazo ya gazetini na kwa kuulizia kwa wanawake wote aliowafahamu, na hakumpata. Mzee alifariki akiwa bado anauliza. Msibani kaka alisoma wasifu wa marehemu, akaruka ule ujana, akaanzia posta. Profesa alimwacha amalize. Msiba si mahali pa tanbihi.

Sheria ya uraia ilibadilishwa baadaye, na wakili aliyesimamia kesi ya kuipinga alinukuu sura moja ya kitabu chake. Yule mtoto wa dada alikuwa mtu mzima, anaishi kwa baba yake ng'ambo. Alipiga simu kumpongeza mama mdogo na kusema ombi hatapeleka, ameshazoea alipo.

Akiwa karibu kustaafu, mwanafunzi wake mmoja alileta mada ambayo idara nzima iliikimbia: jinsi magazeti na wanasiasa wanavyowasema wanaume wanaopenda wanaume, na kwa nini kila uchaguzi ukikaribia wanageuka maadui wa taifa. Profesa alimuuliza ameshazungumza na nani. Akajibu kwamba amesoma sana. Akamwambia kusoma ni kuzuri, aende akatafute watu wenyewe, na asianze kwa kuwauliza habari ya aibu. Aliporudi, miezi kadhaa baadaye, Profesa akasaini kuwa msimamizi wake.

Kamati ya chuo ilikaa asubuhi nzima. Mjumbe mmoja aliuliza utafiti kama huo una faida gani kwa taifa. Mwanafunzi alijibu kwamba hilo ndilo anataka kulichunguza: nani hasa huhesabiwa, watu wanaposema taifa. Wajumbe wakatazamana. Walikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba kichwa cha utafiti kirefushwe. Profesa akakirefusha mwenyewe, pale pale mezani, hadi kikawa hakieleweki, na kazi ikaanza.