Nafuu ya Martha

Mwalimu Lazaro Mughwai alifundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi jirani na Mkiwa, na waliopita mikononi mwake walilikumbuka somo lake la neno "better". Aliweka vibuyu viwili mezani na kuwataka watunge sentensi, hiki kizuri kuliko kile. Neno hili, aliwaambia, daima lina kitu linachopimwa nacho, hata kama hakitajwi.

Mwaka 1974 watu waliamriwa kuacha maboma yao yaliyotawanyika na kujenga pamoja kando ya barabara, kijiji cha ujamaa. Lazaro alikuwa amekwisha kusimamisha kuta za tembe, nyumba ya kuezekwa kwa udongo, bado paa tu, mkewe Martha aliposhikwa na homa kali. Akampeleka hospitali ya misheni, mwendo wa siku nzima, akawa analala barazani na ndugu wa wagonjwa wengine.

Asubuhi moja sista wa Kizungu, mgeni ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha salamu, alimpima Martha, akatabasamu. "She is better," alimwambia Lazaro.

Maana yake ni kwamba ana nafuu, lakini Waingereza husema hivyo pia mtu akiwa amepona kabisa, na Lazaro akaishika maana hiyo. Akamgeukia mkewe.

"Sista anasema umepona."

Martha alikuwa amekaa, amemaliza uji wake. "Basi nenda ukaezeke, Baba Esta," alisema. "Mvua haitatungoja."

Akaondoka siku hiyo hiyo, akikusudia kumrudia paa likiisha. Njiani kila aliyemwuliza habari za mgonjwa aliambiwa amepona. Nyumbani Elizabeti, mama yake Martha, alisaga uwele na kutenga samli ya kumpokelea mwanawe. Esta, mtoto wao wa pekee, alifagia uwanja wote, akawatangazia wenzake kwamba mama anakuja.

Lazaro na majirani walikuwa juu ya paa, wanatandaza udongo, lori la misheni liliposimama barabarani. Dereva, Kefa, alivua kofia kabla ya kushuka. Akamwamkia mwalimu, akaomba waende pembeni. Homa ilikuwa imerudi kwa nguvu, alieleza, na Martha hakupona.

Mwili uliletwa kesho yake, sista akiwa pamoja nao. Baada ya kuzika, Lazaro alimwuliza kwa upole kwa nini alimwambia vile. Sista alijibu huku akilia kwamba asubuhi ile homa ilikuwa imeshuka kuliko usiku uliotangulia, na hilo tu ndilo alilokusudia.

"Ni kweli," Lazaro alisema. "Mimi ndiye sikuuliza kuliko nini."

Muhula ulipofunguliwa alimwomba mwalimu mkuu ampe somo la hesabu, Kiingereza akaachiwa mwalimu kijana, Simoni. Hakuoa tena. Elizabeti alihamia kwake amlelee Esta, na kwa miaka mingi hakumlaumu mkwewe kwa lolote. Ila asubuhi moja, wakiwa wanapukuchua mahindi, alisema bila kumtazama:

"Hata ungebaki asingepona, najua. Lakini angekufa anaona uso wa mtu wake."

Lazaro aliendelea na hindi lililokuwa mkononi mpaka likaisha. Kisha akainuka, akachukua jembe, akaenda shamba la kijiji, ambako wenzake walikuwa wameshaanza kulima.